Pikapu Kuukuu: Jinsi ya Kurudisha Mwanga wa Taa na Kuisafisha Nyumbani

Wakulima wengi wa skimu siku hizi huenda Nairobi kununua pikapu zilizokwisha kutumika, kwa maana bei ya motokaa mpya si ya mtu mwenye ekari chache na ng'ombe watatu. Baada ya miezi kadha huja ofisini kuuliza swali lile lile: Kwa nini taa za mbele zimeingia ukungu wa manjano, na je, ni lazima kununua nyingine? Jibu ni kwamba mara nyingi si lazima. Taa hizo zaweza kusafishwa nyumbani, kwa mkono, kwa kazi ya nusu siku. Lakini iko njia ya kuzisafisha zikae wiki chache tu, na iko njia ya kuzisafisha zikae mwaka au miwili, nayo tofauti ni kazi moja ya mwisho ambayo watu wengi huiacha. Kazi hiyo tutaieleza hapa.

Yafaa kwanza kufahamu ya kwamba hili si jambo la urembo. Mkulima hupeleka maziwa kabla ya kupambazuka. Barabarani kuna mikokoteni ya punda isiyo na taa, kuna watoto wa shule wanaotembea kandokando, na katika miinuko kama Kinangop kuna ukungu mzito asubuhi. Chama cha wenye motokaa cha Marekani, AAA, kilipima taa za namna hii mwaka 2018, kikaona ya kuwa taa iliyochakaa kwa jua ilitoa mwanga karibu sehemu moja tu kwa tano ya ule wa taa mpya. Ziliposafishwa vizuri, mwanga ulirudi hadi karibu asilimia 70. Basi taa iliyosafishwa si sawa na mpya, lakini kati ya sehemu moja kwa tano na asilimia 70 ndipo dereva aonapo punda mapema au amwonapo amechelewa.

KWA NINI TAA HUINGIA UKUNGU

Zamani kifuniko cha taa kilikuwa kioo kweli. Land Rover za zamani zilikuwa hivyo, na Peugeot 404 pia, ile iliyoshinda mashindano ya Safari miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na ambayo wazee wetu bado huisifu kana kwamba waliiunda wao. Kioo hakidhuriwi na jua. Kikipigwa na jiwe huvunjika, basi. Marekani iliruhusu taa zenye vifuniko vya plastiki mwaka 1983, na siku hizi karibu kila motokaa inazo.

Plastiki hiyo huitwa polikaboneti. Iligunduliwa mwaka 1953 na Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani, na karibu wakati ule ule na Daniel Fox wa kampuni ya General Electric huko Marekani, kila mmoja kwa kazi yake mwenyewe. Ni ngumu ajabu, na jiwe dogo la barabarani haliwezi kuivunja kwa urahisi. Lakini ina adui mmoja, naye ni jua. Kila mkulima ameona jinsi nailoni ya kufunikia silaji inavyokauka na kukatikakatika ikiachwa nje. Sababu yake ni mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, nayo huishambulia polikaboneti vivyo hivyo, huifanya kuwa ya manjano na kukwaruza mkononi. Kwa hiyo kiwandani kifuniko hupakwa vanishi nyembamba ya kukikinga. Vanishi hiyo ikishaliwa na jua, vumbi na mchanga, plastiki hubaki uchi.

Sisi tunaoishi juu tuna shida zaidi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, mionzi hiyo huongezeka kwa karibu sehemu moja kwa kumi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na skimu nyingi ziko juu zaidi. Motokaa ikilala nje mchana kutwa kila siku, taa zake zitachakaa upesi hata kama haitembei. Kibanda cha mabati, au hata kivuli cha mti, ni kinga isiyo na gharama kubwa. Lakini chagua mti usiodondosha utomvu.

UNAPOKWENDA KUNUNUA

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini motokaa iliyotumika ikiwa imepita miaka minane. Nyingi hutoka Japani na kushushwa Mombasa, kisha huletwa Nairobi na kupangwa katika yadi, hasa kando ya Ngong Road kwenda upande wa magharibi. Nyingine huuzwa na watu waliozitumia hapa kwa miaka mingi. Mkulima huziona zimepangwa safu safu, zinang'aa kama sufuria za bibi harusi, naye moyo wake huanza kwenda mbio.

Tafadhali tulia. Mambo yote utakayosoma katika ukurasa huu muuzaji anayajua, na ameyafanya kabla hujafika. Kung'aa si dalili ya uzima wala si dalili ya ubovu. Ni dalili kwamba mtu ameosha. Kwa hiyo tazama mahali ambapo sabuni haisaidii. Ikiwa taa moja ni mpya kabisa na ya pili ni ya zamani, uliza kwa nini, kwa maana pengine motokaa iligongwa upande ule. Ikiwa injini imeoshwa hata haina vumbi, huwezi kujua kama mafuta yanavuja. Omba kurudi kesho yake baada ya motokaa kuendeshwa, kisha chungulia chini. Tairi zilizopakwa dawa nyeusi huficha nyufa. Soma tarakimu nne za mwisho zilizopigwa ubavuni mwa tairi baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 2316 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, hata kama inang'aa kama kiatu cha polisi.

Inua mkeka wa sakafu uguse chini. Lala chali uangalie chesisi. Katika sehemu za Japani zenye theluji, barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula chuma kutoka chini, mahali ambapo mnunuzi mwenye suti hapendi kulala. Mkulima hana sababu ya kuogopa kuchafua nguo.

VITU VINAVYOHITAJIWA

Ukiwa mjini, teremka kutoka River Road uende Kirinyaga Road, ile iliyoitwa Grogan Road zamani. Huko ndiko kuna maduka mengi ya vipuri na ya rangi za motokaa. Uliza bei katika maduka matatu kabla ya kufungua mkoba. Nunua msasa wa maji, yaani ule unaotumiwa ukiwa umelowa, namba 800, 1000, 1500 na 2000, karatasi moja moja. Wengine hudhani namba kubwa ni msasa mkali, sivyo. Namba ikizidi, msasa huwa laini zaidi. Nunua pia karatasi ya gundi ya wapakaji rangi, kompaundi ya kung'arishia rangi ya motokaa, na kinga ya taa. Kinga hiyo ni ya namna mbili: iko vanishi angavu ya motokaa ya kupuliza, iliyoandikwa kwamba huzuia mionzi ya jua, na iko dawa ya kupaka kwa kitambaa. Ikiwa muuzaji hawezi kukuonyesha maandishi hayo kwenye kopo, usinunue. Vitambaa laini, ndoo na sabuni ya maji unavyo nyumbani.

Usidanganywe na njia za mkato. Dawa ya meno huondoa ukungu mwepesi, ni kweli, kwa sababu ina chembechembe za kusugua. Lakini haiachi kinga yoyote, na baada ya wiki chache taa hurudi kama ilivyokuwa, au mbaya zaidi. Kuna watu wanaopulizia taa dawa ya mbu ya kujipaka mwilini. Dawa hizo nyingi zina kitu kiitwacho DEET, nacho huyeyusha uso wa plastiki. Taa hung'aa siku ile, kisha huharibika vibaya. Petroli na thina huleta nyufa ndogo ndogo ambazo hakuna msasa utakaoziondoa.

KAZI YENYEWE

Osha taa kwa sabuni, uisuuze, kisha itazame ikiwa bado imelowa. Ikiwa imelowa inaonekana angavu na ikikauka ukungu unarudi, ukungu uko nje nawe waweza kuuondoa. Ikiwa hata imelowa bado ni nyeusi au ina matone ndani, shida iko upande wa ndani: pengine mpira wa nyuma umeachia maji yaingie, au rangi ya fedha inayorudisha mwanga imebabuka. Taa ya namna hiyo usijichoshe nayo kwa msasa.

Bandika karatasi ya gundi pande zote za taa, mara mbili, ili msasa usikwaruze rangi ya motokaa. Loweka msasa katika maji kwa dakika kumi. Ikiwa taa imechakaa sana, anza na namba 800. Ikiwa ni ukungu mwepesi, anza na 1000. Sugua kwa kwenda na kurudi, kushoto na kulia, bila kukandamiza, huku mtoto au mwenzako akimwagia maji kidogo kidogo. Utaona maji ya manjano yakitiririka. Hayo ni mabaki ya vanishi ya zamani pamoja na plastiki iliyoungua. Endelea mpaka maji yawe meupe, na taa yote iwe na ukungu wa aina moja bila mabaka.

Hapa watu huogopa, maana taa sasa yaonekana mbaya kuliko mwanzo. Usiache. Chukua namba inayofuata, nawe sasa sugua kutoka juu kwenda chini. Kwa njia hiyo utaona kama mikwaruzo ya kwanza imekwisha yote. Ikiwa bado kuna mistari ya kulala, hujamaliza. Kisha namba 1500 kwa kulala tena, kisha 2000 kwa kusimama. Suuza msasa na taa kila mara, kwa maana chembe moja ya mchanga wa namba 800 yaweza kuharibu kazi ya saa nzima. Mtu mwenye haraka ya kuruka namba atatumia muda mrefu zaidi mwishoni.

Sasa njia zinagawanyika. Ikiwa utapuliza vanishi, usipake kompaundi, kwa sababu vanishi hushika vizuri mahali palipokwaruzwa kidogo, nayo hujaza mikwaruzo hiyo na taa ikawa angavu. Futa taa kwa spiriti kidogo, usiiguse tena kwa vidole, ziba motokaa kwa magazeti, kisha puliza tabaka nyembamba mbili au tatu, ukingoja kati yake kama kopo lisemavyo. Fanya hivyo mahali pasipo upepo wala vumbi, mbali na moto, asubuhi isiyo na mvua. Ziko vanishi za kuchanganya makopo mawili ambazo hudumu zaidi, lakini mvuke wake hudhuru mapafu. Hizo mpelekee fundi wa rangi mwenye barakoa inayofaa. Ukishapiga msasa mwenyewe, kazi yake itakuwa ya dakika chache.

Ikiwa umechagua kinga ya kupaka, basi ng'arisha kwanza kwa kompaundi na kitambaa laini mpaka uweze kuona uso wako, futa kwa spiriti, kisha paka kinga na uiache ikauke bila kuguswa na maji kwa muda ulioandikwa. Namna hii ni rahisi, lakini sharti irudiwe baada ya miezi kadha. Nta ya motokaa pia yafaa pakiwa hapana kitu kingine, ila itabidi kuipaka kila mwezi.

Kinga hii ndiyo ile kazi ya mwisho niliyoitaja. Msasa huondoa hata ile vanishi kidogo iliyobaki kutoka kiwandani. Mtu akisafisha taa akaishia hapo, ameivua taa nguo na kuisimamisha juani.

BALBU NA UKUTA

Taa ikiwa angavu, balbu nayo itazamwe. Balbu za kawaida za pikapu nyingi ni za wati 60 na 55. Wako wanaotia za wati 100; joto lake huunguza soketi na nyaya, na huharibu taa uliyoisafisha kwa jasho. Ukibadili balbu usiguse kioo chake kwa vidole, maana mafuta ya ngozi huifanya iungue mapema. Badili zote mbili pamoja.

Kisha pima mwelekeo. Tafuta mahali tambarare penye ukuta, kama ukuta wa ghala la chama. Sogeza pikapu karibu kabisa na ukuta, uweke alama ya chaki mbele ya katikati ya kila taa. Rudi nyuma mita 7 na nusu, washa mwanga wa karibu, ule ambao madereva huuita dimu. Ukomo wa juu wa mwanga uwe chini ya alama kwa karibu sentimita 7 au 8. Ukipita juu ya alama, unawatia upofu wanaokuja mbele yako. Nyuma ya taa kuna skrubu za kuinua na kushusha. Geuza kidogo, tazama, geuza tena.

Lakini kipimo hicho ni cha motokaa tupu. Pakia magunia ya viazi na utazame tena ukuta ule: nyuma imelala, taa zimeinuka. Ndiyo sababu pikapu nyingi za Japani zina kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye tarakimu 0, 1, 2, 3. Wakulima wengi nimewauliza kigurudumu hicho ni cha nini, nao hujibu kwamba ni cha redio. Kazi yake ni kushusha taa unapopakia mzigo. Tarakimu ikizidi, taa hushuka zaidi.

MOTOKAA NZIMA

Osha pikapu kivulini, boneti ikiwa imepoa. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Anza juu ushuke chini, magurudumu yawe ya mwisho. Sabuni ya unga ya nguo huondoa nta yote na kuacha rangi imekauka. Sabuni ya maji kidogo yatosha. Wala usiingize motokaa mtoni au karibu na birika la ng'ombe. Mafuta yanayotoka chini yake ndiyo mifugo itakayokunywa, na sheria ya mwaka 1999 ya kuhifadhi mazingira inakataza kuchafua maji.

Udongo mwekundu, ule wa kutoka Dagoretti na Kawangware hadi Kikuyu na kupanda juu, hushika kama gundi na huziba matundu madogo yaliyo chini ya milango. Matundu hayo yaliwekwa ili maji ya mvua yatoke. Yakizibwa, mlango huoza kutoka ndani, nawe hujui mpaka rangi ivimbe. Yazibue kwa kijiti. Mahali palipoanza kutu, kwangua kwa brashi ya waya mpaka uone chuma cheupe, paka praima siku ile ile, kisha rangi. Rangi juu ya kutu ni kupoteza fedha.

Injini isimwagiwe maji kwa nguvu. Ondoa waya wa kasoro wa betri, funika mahali pa kuingizia hewa, alteneta na masanduku ya fyuzi kwa mifuko ya nailoni, kisha sugua kwa brashi na sabuni na usuuze kwa maji kidogo. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri ni kazi ya asidi. Yeyusha magadi ya kupikia katika maji ya vuguvugu na umwagie kidogo. Yatatoa povu na kuula unga huo. Hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa, magadi yasiingie ndani. Kausha, kisha paka grisi au mafuta ya kujipaka.

Ndani, toa mikeka na uianike. Vioo vya madirisha vifutwe kwa maji yenye siki kidogo na gazeti kuukuu. Hata gazeti hili lafaa, likiisha kusomwa na jirani pia. Kioo cha mbele kifutwe upande wa ndani, maana utando wa ndani ndio unaotawanya taa za wenzako usiku.

Nyuma ndiko pikapu ya shamba hufa kwanza. Mbolea ya chumvichumvi huvuta unyevu na kula bati, na mkojo wa mifugo vivyo hivyo. Fagia mbolea kwanza ikiwa kavu, ndipo umwage maji. Pikapu iliyobeba dawa ya josho au ya kunyunyizia mimea isibebe mitungi ya maziwa kabla ya kusuguliwa kwa sabuni na kukaushwa juani, na ikiwa dawa ilimwagika, weka maziwa safari hiyo kwenye chombo kingine. Maji ya kuoshea dawa yamwagwe mbali na kisima, mto na malisho.

Usibandue wala kupaka nta vile vibandiko vya nyuma vinavyoakisi mwanga. Vifute kwa maji ya sabuni tu. Pikapu ya biashara hupelekwa kukaguliwa kila mwaka, na wa Nairobi hukaguliwa Likoni Road na NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Taa na mwelekeo wake ni miongoni mwa yanayotazamwa huko. Afadhali kipimo cha ukutani kifanywe jioni ya kabla ya kwenda, pikapu ikiwa tupu na kile kigurudumu kikiwa kwenye 0.